Mabibo ya Mama na Shahada ya Mwanahawa

Baba yangu, Salumu Likanga, alikuwa mjomba wa watu kabla hajawa baba yetu. Sisemi hivi kwa kumsengenya. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwetu Namkuku, kitongoji cha mikorosho ndani ya Madimba, na yeye mwenyewe asingebisha. Mtoto wa dada yake akiugua, baba alivaa kanzu akaondoka saa hiyo hiyo. Nikiugua mimi, alimuuliza mama amenilisha nini. Mali ya mwanamume ilikwenda kwa wapwa zake, na watoto wake wa kuwazaa walitazama kwa wajomba zao. Kaka wawili wa mama walikufa wakiwa wadogo, kwa hiyo mimi, Mariamu, nilikuwa na baba aliyekuwa mjomba wa wengine, na wajomba walio makaburini.

Mama yangu aliitwa Somoe. Alikuwa mwembamba, mkimya, na watu waliomjua kijuujuu walidhani ni mpole. Walikosea sana. Mama alikuwa mtu wa kupima. Ukimpa habari hakushangaa wala hakufurahi papo hapo. Aliichukua akaenda nayo shambani, akairudisha baada ya siku kadhaa ikiwa imechambuliwa kama mchele. Yeye na baba walifyeka pori la Namkuku mwaka walipooana wakapanda mikorosho, baba akichimba mashimo, mama akiweka mbegu. Miti ile ilikuwa ya baba, maana ardhi ilikuwa ya ukoo wake, na siku moja ingekuwa ya watoto wa kiume wa shangazi. Mama alilijua hilo tangu siku ya shimo la kwanza.

Kilichokuwa chake ni mabibo. Kwetu korosho haichumwi mtini, inaachwa ianguke yenyewe pamoja na bibo lake. Asubuhi wanawake wanapita chini ya miti na matenga, wanaokota, wanakonyoa korosho na kuiweka kwenye lundo la mwenye miti, kisha bibo wanaondoka nalo. Korosho ni za mume, mabibo ni ya mke, na hakuna aliyewahi kuligombania hilo. Mama aliyakamua, akayaanika juani mpaka yakawa kochoko, makavu kama wapika pombe wanavyoyataka, akayapeleka Mtwara mjini kuuza. Wanunuzi waliyafanyia nini baada ya hapo, alisema hilo ni lao na Mungu wao. Sabuni yetu, chumvi yetu na sare zangu za shule zilitoka humo.

Mteja wake mkubwa mjini alikuwa Yustina, mke wa karani mmoja wa serikali aliyeitwa Josephu. Hawa walikuwa watu wa Songea, Wakristo, wenye nyumba ya bati na redio kubwa. Mama aliwapenda kwa sababu Yustina hakupunguza bei kwa maneno matamu.

Sasa Mwanahawa. Alikuwa binti wa kwanza wa shangazi yangu, dada wa baba, mjane wa siku nyingi. Kichwa chake hakikuwa cha kawaida, nami nakiri hilo ingawa nilimwonea kijicho utoto wangu wote. Mwaka 1972 alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa hisabati, na milango miwili ikafunguka kwa wakati mmoja. Wa kwanza ulikuwa chuo cha ualimu. Faida ya huo ilionekana kwa macho: mwalimu tulimjua, baiskeli yake tuliijua, na tulijua kwamba mwisho wa mwezi halali njaa. Mlango wa pili ulikuwa chuo kikuu cha ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, miaka minne, ukiwamo mwaka wa kujifunza lugha yao, na mwisho wake shahada ya kompyuta. Nchi ile ingelipa masomo, chakula na kitanda. Nauli, nguo nzito na fedha ya mkononi kwa miaka yote minne vilikuwa juu ya familia.

Pale Namkuku hakuna aliyekuwa ameiona kompyuta. Shangazi aliuliza kama ni ya kulimia. Baba akavaa kanzu, akaenda Mtwara kumuuliza Josephu, ambaye kabla ya kuhamishiwa kusini alifanya kazi Dar es Salaam karibu na chumba chenye mashine hiyo.

Josephu alimweleza kwa uaminifu, hilo sikatai. Alisema mashine iko kwenye chumba cha baridi kama ndani ya mtungi, na kwamba inapiga hesabu za mishahara ya watumishi wa nchi nzima kwa muda ambao makarani wangekuwa bado wanachonga penseli. Wanaojua kuiamuru ni wachache, tena wengi wao wageni wenye mikataba. Siku wageni wakiondoka, Mtanzania mwenye shahada hiyo atalipwa kumzidi mwalimu mkuu. Baba alirudi macho yakimng'aa. Kitu ambacho hakuuliza ni je, wageni wasipoondoka, au mashine ikiondoka badala yao.

Mama alikuja kuujua uamuzi wa baba kwa namna mbaya. Alikwenda shambani asubuhi moja akamkuta Rashidi, mwenye duka la Madimba, mtu wa kuja kutoka pwani ya kaskazini, akitembea kutoka mti hadi mti na kufunga kitambaa chekundu kwenye kila shina. Rashidi akamwambia kwa adabu kabisa kwamba mumewe ameweka miti rehani kwake. Fedha ya misimu minne ameshaichukua. Kwa misimu hiyo minne korosho zote zingekuwa za Rashidi, kisha miti ingerudi kwa mwenyewe. Na korosho zikishindikana kupatikana kwa sababu yoyote isiyo ya Mungu, baba angerudisha fedha ya misimu iliyobaki.

Jioni ile mama hakupiga kelele. Alimwekea baba chakula, akasubiri anawe mikono, ndipo akamwambia, "Umeuza misimu minne ya wanangu kwa ajili ya mtoto wa dada yako, na mimi nimeambiwa na muuza chumvi."

Baba alisema ni kazi ya mjomba. Mama akasema anajua. Hawakulizungumza tena, na kutozungumza kwao kulijaa nyumbani mpaka mimi nikawa napendelea kukaa nje.

Lakini mama alikuwa ameshaanza kupima. Tukianika mabibo alinipigia hesabu yake kwa sauti ndogo, si kwa shilingi bali kwa watu. Gharama inalipwa na nani? Na sisi, tutakaokula muhogo mkavu miaka minne. Mwanahawa akipata kazi kubwa, mshahara utakwenda kwa nani? Kwa mama yake na kaka zake, ndiyo haki yao. Miti ikirudi itakuwa ya nani? Ya kaka zake hao hao. "Na sisi tutapata sifa," akasema, "kwamba mjomba wao ni mtu mzuri." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwanahawa akaondoka na koti la mtumba lililomfika magotini. Msimu wa kwanza ukapita, na wa pili. Rashidi hakusumbua. Wanawake waliokota kama zamani, wakiongozwa na mama, wakamwachia malundo yake ya korosho na kuondoka na mabibo yao. Barua za Mwanahawa zilikuja mara chache, zikisema amefaulu na kwamba kuna theluji. Shangazi alizibeba kifuani kwenda nazo kisimani.

Kisha ukaja mwaka 1974, na mambo mawili yakatuangukia kwa pamoja.

La kwanza lilitoka kwenye redio ya dukani kwa Rashidi. Serikali imepiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Habari ilifika Namkuku kabla ya jua kupanda vizuri, na kila aliyeileta aliileta akitabasamu. Likanga, walisema, amemsomesha mpwa wake udereva wa gari lililokatazwa barabarani. Baba alikwenda msikitini akachelewa kutoka, ili watu watangulie kuondoka. Shangazi yeye alikaa chini uani kwetu akalia kama kwenye msiba. Mwaka huo, alisema, mwanawe angekuwa ameshatoka chuo cha ualimu, analipwa, anajulikana. Badala yake yuko kwenye barafu anajifunza kitu ambacho nchi yake imekikataa.

La pili lilikuwa la Rashidi mwenyewe. Korosho za msimu ule zilikuwa pungufu, na yeye, kwa kuwa si mtu wa kwetu, alitafuta sababu mahali pasipokuwa na sababu. Aliwaona wanawake wakiingia shambani na matenga matupu na kutoka na matenga yaliyojaa. Asubuhi moja alisimama njiani, akamwambia mama atue tenga lake alipekue.

Nilikuwapo. Ilikuwa Jumapili, na wanawake wengine walikuwa nyuma yetu. Mama akaligeuza tenga lenyewe juu chini. Mabibo yakamwagika mchangani, mekundu na ya njano, kila moja limekonyolewa. Hapakuwa na korosho hata moja. Nikatamani kumrushia Rashidi mchanga machoni. Mama akaokota tenga lake tupu akarudi nyumbani. Wanawake wote wakamwaga ya kwao palepale na kumfuata.

Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyekanyaga chini ya miti ile. Hapakuwa na mkutano wala aliyekataza. Rashidi alileta vijana wa kibarua kutoka Madimba. Waliokota kwa muda mfupi, wakalalamika utomvu unawababua, na nusu ya walichookota kikaishia mifukoni mwao. Akawafukuza. Yeye alinunua miti, mikono hakununua. Korosho zikaendelea kuanguka usiku na mchana. Zikalala chini na mabibo yake, mabibo yakaanza kuoza, na harufu ya kuchacha ikafika mpaka jikoni kwetu. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Msimbati, baharini. Kila mtu alijua mvua ikipiga lundo lile, korosho zitaingia weusi, na chama cha ushirika kitazipokea kwa bei ya takataka au kisizipokee kabisa.

Rashidi akaja kwa baba. Akasema maneno yaliyokuwa ya haki kwa upande wake: ama Jumapili inayofuata aone watu shambani, ama baba arudishe fedha ya msimu huu na wa mwisho. Fedha hiyo haikuwapo. Sehemu ilikuwa imekwenda kwenye nauli, sehemu ilikuwa inamfikia Mwanahawa kidogo kidogo. Njia ya kuilipa ilikuwa moja tu, na tuliijua sote: kumwita Mwanahawa arudi, aombe ualimu, mshahara wake uilipe.

Baba hakuthubutu kumwamuru mama aende akaokote. Mabibo si mali yake, na tusi halikuwa lake kulisamehe. Akazunguka nyumba. Akakohoa. Akamtuma shangazi.

Jumamosi mchana wakakutana uani kwetu: baba, shangazi, na balozi wa nyumba kumi aliyeitwa kuwa shahidi. Josephu naye alikuja kwa baiskeli kutoka mjini, kavaa viatu vizuri vilivyojaa vumbi. Baba alidhani amejileta mwenyewe. Aliyemwita ni mama, kupitia kwa Yustina. Mimi niliwekwa jikoni nichemshe chai, na mlango wa jiko letu ulikuwa wa makuti, kwa hiyo nilisikia yote.

Shangazi alianza, na alianza na mama. Alisema wifi yake amelipata alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Alisema amewachochea wanawake ili mtoto wa watu aporomoke kutoka ng'ambo. Halafu akageuka na kusema kwamba heri, basi, mtoto arudi tu, maana hata akimaliza atakuja kufanya nini na shahada ya mashine iliyofukuzwa. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na baba alikuwa akiyaangalia mawingu.

Mama alisubiri mpaka kukawa kimya. Kisha akamuuliza Josephu, si kwa sauti kubwa, "Ile mashine uliyoiona Dar es Salaam, wameivunja?"

Josephu akasema hapana. Ipo na inafanya kazi. Zilizokatazwa ni mpya za kuingia.

"Na wale wageni?"

"Wanapungua, Mama Mariamu. Mikataba ikiisha wanakwenda kwao. Nasikia wengine wameshafungasha, wanaona huku hakuna mashine mpya zitakazowaweka."

"Vijana wetu wanaoenda kuisomea ni wengi?"

Josephu alisema baada ya tangazo lile, hadhani kama kuna mzazi atakayempeleka mtoto. Akaongeza kwamba yeye ni karani tu na hawezi kuahidi. Mashine hiyo nayo inaweza kuharibika au kuachwa, na hapo shahada itabaki kuwa karatasi ya kutundika ukutani.

Kupitia makuti nilimwona mama akijifuta viganja kwenye kanga, kama afanyavyo akimaliza kazi. Alipozungumza tena alimtazama shangazi, si baba.

"Wifi, mimi sipendi mwanao arudi. Miti ya Rashidi ipo na korosho zimejaa chini, lakini leo hawezi kuuza hata gunia, kwa kuwa wa kuokota hayupo. Mashine ipo na wa kuiendesha wanaondoka. Mwache mwanao amalize. Mimi naona atalipwa."

Shangazi hakuamini masikio yake. Baba alikaa chini. Ndipo mama akataja bei yake, na nataka niseme wazi kwamba sikuwahi kuona mtu akitaja bei kwa utulivu kama ule. Alisema kesho alfajiri ataingia shambani, na wanawake wote wataingia naye, na Rashidi ataomba radhi mbele yao kwanza. Wataokota msimu huu wote na msimu wa mwisho. Lakini miti ikitoka kwa Rashidi haitarudi kwenye ukoo wa Likanga. Itakuwa yake yeye Somoe, na baada yake ya mwanawe Mariamu. Balozi asikie, Josephu asikie.

Nikaacha chai ikamwagikia moto. Jambo hilo halikuwa limewahi kusemwa Namkuku. Mke wa mtu kuchukua miti ya ukoo wa mume, na kumrithisha binti yake, huku wapwa wapo hai na wazima.

Baba alisema taratibu kwamba neno hilo si lake. Miti hiyo ana haki nayo maisha yake tu. Wenyewe ni watoto wa kiume wa dada yake, na mwenye kuwasemea ni dada yake. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma baba yangu, mtu aliyekuwa katikati ya nyumba mbili na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Kwa hiyo wote wakamgeukia shangazi. Sasa hapakuwa tena na wa kumlaumu. Mkono mmoja alikuwa na shahada ambayo hakuielewa, ya mashine ambayo hakuiona, iliyokuwa bado miaka miwili, ambayo serikali ilikuwa imeigeuzia mgongo na karani mwenyewe hakutaka kuidhamini. Mkono wa pili alikuwa na mikorosho iliyosimama pale, ya wanawe wawili wa kiume, inayozaa kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa. Kama angekataa, Mwanahawa angekuwa nyumbani kabla ya mwezi wa Ramadhani mwingine, mwalimu na mwenye mshahara. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angemlaumu. Mimi jikoni niliomba kwa Mungu akubali, na si kwa ajili ya Mwanahawa.

Ngurumo ilisikika mbali upande wa bahari. Balozi akasema kama ni kuamua, iamuliwe.

Shangazi alimtukana mama kwanza. Alimwita mwizi, mchawi wa mabibo, mwanamke asiye na ndugu. Mama alipokea yote akiwa amekunja mikono. Halafu shangazi akafunika uso kwa kanga na kusema ndani ya kitambaa kile, "Chukua. Mwanangu asirudi na aibu. Chukua."

Alfajiri Rashidi aliomba radhi, kwa maneno machache na uso umemshuka, na wanawake wakaingia. Sijawahi kuona kazi kama ile. Walikonyoa huku mabibo yaliyooza yakiwachuruzika mpaka viwikoni, na nyigu wamejaa, na kila mara mtu anainua macho kutazama juu. Hakuna aliyeimba. Shangazi naye alikuja, hakumsalimu mtu, akainama kwenye mti wake peke yake na kuokota mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Gunia la mwisho liliingia chini ya turubai, na matone ya kwanza yakaanza kupiga makuti. Mama alisimama kwenye mvua mikono imebabuka, akawa anacheka. Alikuwa ameshinda, naye alijua.

Mwaka uliofuata tulihamishwa. Vitongoji vya kando ya mto vilikuwa vimehamishwa zamani kwa sababu ya vita ya ng'ambo ya Ruvuma, na mama alidhani hayo ni ya watu wa mtoni. Mwaka 1975 likaja gari na watu wa operesheni, Namkuku yote ikabebwa kupelekwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kutoka kwenye miti yetu. Tukapewa kiwanja na shamba la muhogo. Msimu wa mwisho wa Rashidi hakuna aliyeenda kuokota, na Rashidi mwenyewe hakudai. Duka lake lilikuwa limefungwa. Alikuja siku moja kumwambia mama kwamba miti sasa ni yake rasmi, akaona haya, akaondoka bila kumaliza chai.

Mwanahawa alirudi katikati ya 1976. Mgeni wa mwisho kwenye chumba kile cha baridi alikuwa ameaga wiki chache kabla, na wakamchukua siku aliyoomba. Mshahara wake wa kwanza baba alikataa kuutaja, akaishia kutikisa kichwa na kucheka. Kwa shangazi kukajengwa nyumba ya bati, watoto wake wa kiume wakasoma mpaka walipochoka wenyewe. Kwetu Mwanahawa alileta doti ya kanga na sukari, akapiga magoti kumwamkia mama, akamwita mama yake wa pili, akalia kidogo. Alikuwa na adabu zake zote. Deni kwetu hakuwa nalo. Mama alikuwa ametaja bei yake mbele ya balozi, na alilipwa yote.

Mimi darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Mabibo ya kunilipia shule nyingine hayakuwapo tena.

Msimu ule mama alichukua panga akatembea mpaka Namkuku, nami nikamfuata. Pori lilikuwa limeingia mpaka kwenye mashina, mizabibu ya mwitu imepanda juu na kuibana miti, na vile vitambaa vya Rashidi vilishaoza. Alianza kufyeka kwenye mti wa kwanza. Nikafyeka naye mpaka jua likatuchoma, na hatukuwa tumemaliza hata mstari mmoja, na nilijua kabla hatujarudi tena majani yatakuwa yameota upya. Hasira ikanipanda. Nikamwambia kwamba kijiji kizima kilicheka shahada ile na yeye peke yake aliona itazaa, alisema mbele ya watu, tena akawa sahihi. Ilikuwaje basi akaomba miti, asiombe fungu kwenye shahada yenyewe?

Mama aliegemea panga. Hata hilo alilipima kwanza.

"Nilijua itazaa, mwanangu," akasema. "Sikujua kama hiyo nayo mtu anaweza kuiomba."

Kisha akainama, akaendelea kufyeka.